Kauli za Dirisha Jeusi

Fungua dirisha la amri la Windows 10 au 11, andika telnet, bonyeza Enter. Kama hakuna aliyewahi kugusa mipangilio ya kompyuta hiyo, jibu litakuwa sentensi moja ya Kiingereza: neno hilo halitambuliki kuwa amri ya ndani wala ya nje, wala programu inayoweza kuendeshwa, wala faili la mfululizo wa amri. Sasa andika telent. Sentensi inarudi ileile, kilichobadilika ni neno ulilolikosea tu.

Hali mbili zisizofanana hata kidogo zimepewa kauli moja. Moja ni kuteleza kwa vidole. Nyingine ni uamuzi uliochukuliwa makusudi: kuanzia Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, Microsoft iliacha kuiwasha programu ya Telnet, ambayo kwenye Windows XP ilikuwa tayari kwa yeyote. Mtumiaji wa nyumbani aliyeambiwa na fundi "ijaribu kwa telnet" anasoma jibu hilo na kudhani amekosea tahajia. Ubuntu, ikiikosa amri unayoitaka, mara nyingi hutaja kifurushi chenye amri hiyo na kukuandikia namna ya kukisakinisha. Taarifa ni moja, kwamba kitu hakipo. Kauli ya kwanza inafunga mazungumzo, ya pili inayaendeleza.

Programu za kuingilia kompyuta ya mbali kwa maandishi, kama Telnet, SSH na PuTTY, huchaguliwa kwa kuuliza ipi ni nyepesi, ipi ni ya bure, ipi ina rangi zisizoumiza macho. Mimi nashikilia kwamba kigezo kikubwa kuliko vyote ni lugha ya programu, hasa pale inapokukutanisha na mashine usiyoijua. Hesabu za usimbaji zinafanya kazi kubwa, lakini zikifika hapo zinasimama na kumkabidhi mtu uamuzi, naye anaamua kwa kusoma mistari michache. Mistari hiyo ni matini. Ina muundo, ina nafsi, ina mpangilio wa taarifa, ina msemaji anayejulikana au anayejificha. Anayefundisha kwamba fani na maudhui haviachani hana sababu ya kuishia kwenye riwaya na tamthilia. Kauli zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Hapa natoa maana yake kwa Kiswahili.

Tuanze na kuiwasha Telnet. Unatafuta orodha inayoitwa "Turn Windows features on or off", unashuka kwa alfabeti hadi Telnet Client, jirani yake TFTP Client, unaweka tiki, unabonyeza OK. Mstari wa kijani unajaa, kisha unaambiwa kwamba Windows imekamilisha mabadiliko uliyoyaomba. Apendaye kuandika atafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kutumia dism /online /Enable-Feature /FeatureName:TelnetClient, na mwisho ni uleule.

Juu ya orodha hiyo kuna maelezo mafupi yenye sentensi tatu. Ukitaka kuwasha kipengele, weka tiki. Ukitaka kukizima, iondoe. Kisanduku kilichojazwa maana yake ni kwamba sehemu tu ya kipengele imewashwa. Sentensi zote tatu zinahusu visanduku. Hakuna hata moja inayohusu kilichomo ndani yake. Chini yake ni majina tupu, nomino baada ya nomino, yote kwa ukubwa mmoja wa herufi. Kipengele kinachosafirisha nywila yako wazi kimekaa kwenye safu moja na vya kusoma na kuchapisha nyaraka. Kukizima kilipokuwa kimewashwa kwa miaka yote hiyo ni tendo la kihariri, na lilikuwa tendo jema. Lakini mhariri aliyefuta aya hakuacha maelezo hapo kwa nini ameifuta, na anayeirudisha anairudisha kwa tiki moja bila kusoma neno.

Telnet yenyewe ina uzuri wake, na si haki kuipita haraka. Mizizi yake ni ya mwaka 1969, siku za mwanzo za mtandao wa ARPANET wa Marekani, na sura tunayoijua iliandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds katika waraka wa RFC 854 wa Mei 1983. Kiini chake ni vitenzi vinne: nitafanya, sitafanya, fanya, usifanye. Kila kimoja kina namba, kuanzia 251 hadi 254, na kila kimoja hutanguliwa na 255 ili upande wa pili ujue kwamba linalofuata ni agizo, si herufi ya mazungumzo. Mashine moja ikisema "nitarudisha herufi", nyingine hujibu "rudisha" au "usirudishe". Moja ikiomba kujua upana wa skrini, nyingine ina haki ya kukataa. Hakuna upande unaolazimishwa, na waraka umejihadhari hata na hatari ya mashine mbili kuitikiana bila kikomo. Ni mazungumzo ya ridhaa yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa.

Isome tena ukitafuta ambacho hakijaulizwa. Mashine zinakubaliana juu ya mwangwi wa herufi na aina ya skrini, lakini katika kiini hicho hakuna inayoiuliza nyingine, "Wewe ni nani?" Wakati ule mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara chache zilizojuana, na swali hilo halikuonekana kuwa la lazima.

Pengo hilo linaonekana vizuri zaidi pale unapoandika nywila. Ukiingia kwenye ruta ya zamani ya nyumbani kwa Telnet, tuseme kwenye anwani 192.168.1.1, jina lako linaonekana unapoliandika, ila nywila haionekani. Kinachotokea ni kwamba ruta iliahidi kurudisha herufi yenyewe, na inapofika zamu ya nywila inakaa kimya. Skrini inabaki tupu na mwandishi anatulia, anaamini kuna kitu kimefichwa. Kilichofichwa ni picha tu. Kwenye waya kila herufi imepita kama ilivyo, na yeyote aliyekaa njiani anaisoma. Fani hapa inampa msomaji utulivu ambao maudhui hayauthibitishi, na katika matini yote ninayoijadili silioni kosa zito kuliko hili. Nafasi tupu ileile, kwenye ssh, ni ya kweli: huoni nywila, na aliye njiani haioni pia. Macho peke yake hayawezi kutofautisha skrini hizo mbili.

Gharama yake si ya kubuni. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikibisha kwenye milango ya Telnet ya kamera na ruta za majumbani, ikijaribu orodha ya majina na nywila sitini hivi za kiwandani. Vifaa ilivyoviteka vilitumika tarehe 21 Oktoba mwaka huo kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyohudumia majina ya tovuti, na tovuti nyingi kubwa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mwezi uliofuata watengenezaji wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayopendwa na wanafunzi na mafundi, waliamua kwamba mfumo wao utoke huku mlango wa kuingilia kwa mbali, wa SSH, ukiwa umefungwa mpaka mwenyewe aufungue, maana watu wengi waliuacha na nywila ileile ya kiwandani.

SSH ilizaliwa kutokana na nywila zilizoibwa. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki uliwekewa kinasa cha nywila, na mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akaandika programu ya kuchukua nafasi ya Telnet na jamaa zake. Alipewa mlango namba 22, katikati ya FTP yenye 21 na Telnet yenye 23. Toleo ambalo karibu kila mtu analitumia leo, OpenSSH, lilitoka kwa watu wa mfumo wa OpenBSD mwaka 1999, na tangu sasisho la Aprili 2018 limo ndani ya Windows 10 bila kuombwa. Usipolikuta, liko kwenye orodha ya vipengele vya hiari ndani ya Settings.

Andika ssh, jina la mtumiaji na anwani ya mashine usiyowahi kuifikia. Programu inasimama. Mstari wa kwanza unasema kwamba uhalisi wa mashine hiyo hauwezi kuthibitishwa, na unaitaja kwa jina na kwa anwani. Wa pili unatoa alama ya kidole ya ufunguo wake: aina ya ufunguo, siku hizi mara nyingi ED25519, kisha SHA256, nukta pacha, na alama 43 zilizochanganyika herufi na tarakimu. Matoleo mapya yanaongeza kwamba ufunguo huo haujulikani kwa jina jingine lolote. Halafu swali: una uhakika unataka kuendelea kuunganisha? Yanafuata majibu matatu yanayokubalika: yes, no, au alama ya kidole yenyewe.

Tazama nafsi zinavyobadilika. Mstari wa kwanza uko katika kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Haisemwi ni nani aliyeshindwa kuthibitisha. Wa pili hauna nafsi kabisa, ni data. Swali ndilo linalomgeukia msomaji ana kwa ana kwa nafsi ya pili, na kwa mgeuko huo mzigo wote unahama kutoka kwa mashine kwenda kwake. Wapo wanaouona mgeuko huo kama ukali. Mimi nauona kama ukweli. Programu imefika mwisho wa inachokijua na imekiri hivyo kabla ya kuuliza. Katika nyumba zetu anayebisha hodi huulizwa "nani?", naye hujibu kwa sauti ambayo aliye ndani anaijua, hapa mgeni ndiye anayetakiwa ajiridhishe kwamba aliyemfungulia ni mwenye nyumba kweli, na programu inamwambia mgeni kwamba sauti hii yeye hajawahi kuisikia.

Halafu kuna jambo dogo ambalo nalihesabu kuwa ufundi wa hali ya juu. Ukijibu kwa herufi y peke yake, programu haipokei. Inakuagiza uandike neno zima. Kwenye terminali, ambako karibu kila programu inaridhika na herufi moja, herufi mbili za ziada ni kama kituo katikati ya mshororo: zinaikatiza kasi ya mkono na kumpa jicho nafasi ya kurudi juu. Jibu la tatu, lililoongezwa katika toleo la 8.0 la mwaka 2019, linakwenda mbali zaidi. Unaweza kubandika alama ya kidole uliyoipata kwa njia nyingine, na programu yenyewe inalinganisha. Anayejibu yes anaridhia. Anayebandika alama anatoa ushahidi. Ikiwa hailingani, unaulizwa tena.

Baada ya yes inakuja taarifa kwamba mashine imeongezwa kwa kudumu kwenye orodha ya zinazojulikana, na kuanzia siku hiyo swali halirudi. Unaingia moja kwa moja. Telnet nayo huingia moja kwa moja, ila ssh inanyamaza kwa kuwa imeshalinganisha ufunguo na ikauona uleule.

Ufunguo ukibadilika, sauti inapanda. Kwanza ukuta wa alama za @, mstari mzima, kisha herufi kubwa zinazoonya kwamba utambulisho wa mashine ya mbali umebadilika, kisha ukuta tena. Chini yake, bado kwa herufi kubwa: huenda kuna mtu anafanya jambo baya. Halafu herufi za kawaida: huenda kuna mtu anakusikiliza sasa hivi, aliyejipenyeza katikati. Halafu, kwa utulivu: inawezekana pia kwamba ufunguo wa mashine umebadilishwa tu. Inafuata alama ya ufunguo mpya, faili na namba ya mstari wenye ufunguo wa zamani, na tamko kwamba uthibitishaji umeshindwa. Kazi imekwisha. Hakuna swali, hakuna kitufe.

Kumalizia bila swali ni kilele kizuri kuliko ukuta wowote wa alama, na kunastahili sifa. Lakini mpangilio wa sentensi za katikati una kasoro. Taharuki imejengwa ngazi kwa ngazi hadi "sasa hivi", kisha sentensi ya mwisho inaibomoa kwa kutoa sababu ya kawaida, na sentensi ya mwisho ndiyo inayobaki kichwani. Nyumbani sababu hiyo karibu kila mara ndiyo ya kweli: umefuta kadi ya Raspberry Pi na kuweka mfumo upya, ikajitengenezea funguo mpya. Msomaji anazoea kwamba ukuta ule wa @ maana yake ni kadi iliyofutwa. Anatumia ssh-keygen -R na anwani, mstari wa zamani unafutwa, anaingia, na siku ya hatari atafanya vivyo hivyo. Laiti programu ingemuuliza mapema, kwa sentensi ya kawaida, kama mashine hiyo imewekewa mfumo upya karibuni, angekuwa na jambo la kukumbuka kabla hajatishwa.

PuTTY ni utanzu mwingine kabisa. Simon Tatham, Mwingereza, alianza kuitoa kwa watu mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Windows haikuwa na njia yake ya kutumia SSH, na kwa karibu miaka 20 ndiyo iliyokuwa jibu la kila fundi. Haianzi na mstari mtupu unaosubiri amri. Inaanza na fomu: kushoto mti wa makundi, kulia sehemu ya kujaza jina la mashine, mlango 22 umeshaandikwa, SSH imeshachaguliwa. Ukichagua Telnet, 22 inageuka 23 yenyewe. Fomu inamfaa anayeanza kwa sababu inataja kila kinachowezekana. Udhaifu wake uko kwenye msuko: ukienda kwenye tawi la rangi au la herufi ukabadilisha jambo, hakuna pa kuhifadhi pale ulipo, ni lazima urudi mwanzo, kwenye Session, uchague jina ulilolihifadhi na ubonyeze Save. Tendo na matokeo yake vimewekwa kurasa tofauti, na wengi hupoteza mabadiliko yao hapo.

Kwenye mashine ngeni PuTTY inafungua dirisha la onyo lenye nathari iliyo bora kuliko ya OpenSSH. Inasema kwamba huna uhakika wowote kuwa mashine hii ndiyo unayoidhani, kisha inaeleza, sentensi kwa sentensi, kila kitufe kitafanya nini. Zamani vitufe hivyo vilikuwa Ndiyo, Hapana na Ghairi, na Hapana ilimaanisha "endelea, ila usiukumbuke ufunguo". Mtu aliyekataa kwa nia safi alikuwa ameingia. Matoleo ya miaka ya karibuni yamebadilisha vitufe vikawa vitenzi: kubali, unganisha mara hii tu, ghairi. Chaguo la katikati halimo kwenye swali la ssh, na ni la kibinadamu sana, la mtu asiyekuwa tayari kuahidi jambo la kudumu. Hata hivyo kitufe ni kitufe. Nathari nzuri kiasi hicho inaweza kuondolewa kwa mbofyo mmoja, bila jicho kuigusa.

Jambo la PuTTY lililonivutia kuliko yote ni dogo mno na wengi hulipita. Ndani ya dirisha jeusi kuna wasemaji wawili, programu iliyo kwenye meza yako na mashine ya mbali, na wote wanaandika kwa herufi zilezile, rangi ileile, mstari uleule. Mashine ya mbali yenye nia mbaya inaweza kuandika mstari unaofanana kabisa na ombi la programu yako, ikakuomba nywila ya kufungulia ufunguo wako, nawe ukaiandika ukidhani unaongea na kompyuta yako. Ni tatizo la msimulizi: sauti imesikika, lakini ni ya nani? Tangu toleo la 0.71 la mwaka 2019, mistari inayosemwa na PuTTY yenyewe wakati wa kuingia hutanguliwa na picha ndogo ya nembo yake pembeni kushoto, na mashine ya mbali haina njia ya kuichora picha hiyo. Kwa picha hiyo ndogo kila kauli imerudishiwa mwenyewe. OpenSSH, pamoja na umakini wake wote, haina kitu kama hicho. Inategemea msomaji akumbuke ni wakati gani nani alikuwa na zamu.

Kwa hiyo kwenye kompyuta ya nyumbani yenye Windows mpya ningeanza na ssh iliyomo ndani, kwa ajili ya lile neno zima inalokudai. PuTTY ningeiweka kwa anayehitaji kuhifadhi mashine nyingi kwa majina, au anayeunganisha swichi kwa waya wa serial, na ningeichukua kwenye ukurasa wa mtunzi wake tu, maana nakala zilizotiwa sumu zimewahi kusambazwa. Toleo liwe 0.81 au jipya zaidi, kwani matoleo ya 0.68 hadi 0.80 yalikuwa na kasoro iliyoweza kuvujisha ufunguo binafsi wa aina moja, ECDSA wa P-521. Telnet ningeiacha imezimwa. Wengi huiwasha ili kupima tu kama mlango fulani wa seva uko wazi, na kazi hiyo PowerShell inaifanya kwa Test-NetConnection bila kuhitaji tiki yoyote.

Limebaki pengo moja katika swali la ssh. Linampa msomaji alama 43 na kumuuliza kama ana uhakika, lakini halimwambii uhakika unapatikana wapi. Kwa Raspberry Pi iliyoko sebuleni jibu ni rahisi: ichomeke kwenye runinga na kibodi, andika ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub, na alama inatokea mbele yako, tayari kulinganishwa na ile iliyo kwenye kompyuta. Kwa seva ya kukodi unamtafuta anayeimiliki. Ningeongeza sentensi moja tu kabla ya swali: "Muulize mwenye mashine akusomee alama hii kabla hujajibu." Mstari wa terminali una nafasi ya herufi 80, kama ulivyokuwa kwenye kifaa cha VT100 cha mwaka 1978, na sentensi hiyo haifiki 60.